Finjani ya Vijiko Kumi na Viwili

Mwalimu hakuweza kukuacha upite bila kukuuliza umebadilisha nini. Ukichelewa shuleni, hakutaka kujua kwa nini umechelewa. Alisema: jana ulifika mapema, leo umechelewa, kati ya jana na leo kimebadilika nini? Ukijibu mvua, anakukumbusha kwamba hata jana ilinyesha. Ukijibu kwamba mama alikutuma, anauliza kama jana hakukutuma. Mwisho unajikuta umesimama mlangoni na jasho linakutoka, ukitafuta ndani ya asubuhi yako kitu kimoja ambacho hakikuwamo jana, na wenzako wanakucheka nyuma ya madaftari yao.

Hiyo ilikuwa Butembo, mashariki ya Kongo, katika shule ya serikali, miaka ile uhuru ulipokwisha kuingia na waasi hawajaingia bado. Shule za misheni zilikuwa nyingi na nzuri, lakini sisi watoto wa Kiislamu wazazi wetu walitupeleka ile ya serikali, ambako hakuna aliyekusalisha sala isiyo ya kwenu. Yeye alikuwa Mkristo, mtu wa Kasai, jimbo la mbali, aliyeletwa kwetu kwa barua ya ofisini. Kiswahili chake alikiokota njiani na hakikukaa sawa mpaka mwisho. Amezaliwa wapi hasa, na amezaliwa na nani, sikuwahi kuuliza. Mimi namjua tangu siku aliposimama mbele yetu akiwa na kijiko cha chai katika mfuko wa shati, pamoja na penseli na kalamu ya wino, tukamwita Mwalimu Kijiko kabla hajafungua mdomo.

Somo lake lilikuwa moja, hata alipokuwa anafundisha hesabu au jiografia. Alipiga mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliorodhesha vitu vyote vya kubaki vile vile. Upande wa kuume kiliandikwa kitu kimoja tu, kile cha kubadilishwa.

"Kushoto, mujaze mpaka chini," alisema. "Kuume, kimoja. Mukinibadilishia bintu bibili, kazi yote imekufa, juu hatutajua ni gani ilifanya."

Siku chache baada ya uhuru alipiga mstari ule ule, akatuambia tutaje. Tulipiga kelele wote pamoja: bendera imebadilika, wimbo umebadilika, bwana administrateur, yule Mbelgiji mkubwa wa wilaya, ameondoka, mlinzi wa posta ndiye mkubwa wa posta. Upande wa kuume ulijaa mpaka akaanza kuandika kwa herufi ndogo. Alipouliza nini kimebaki, tukapata mvua, soko, kilima, na maharagwe. Alitazama ubao huku chaki ikimwagika unga kwenye viatu vyake.

"Ikienda muzuri, tutasema ni juu ya nini?" aliuliza. "Na ikienda mubaya, tutasema ni juu ya nini?"

Mimi nilidhani ni swali la sayansi, nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari chini.

Baba yangu alimpenda, ingawa alimpenda kwa kumtania. Baba alikuwa na duka dogo mtaa wa Mususa na lori moja lililobeba kahawa na viazi kati ya Butembo na Beni. Siku moja lori lilikataa kuwaka uani kwetu. Fundi akafungua, akabadilisha hiki na kile, likanguruma, watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa amepita kunywa kahawa. Yeye peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Ulibadilisha bintu ngapi?" alimuuliza fundi.

"Tatu, Mwalimu. Bougie, filtre, na ile waya."

"Donc, basi, hatujue ilikuwa nini."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, mi hapana taka kujua. Minataka itembee."

Wiki mbili baadaye lori lilipelekwa milimani kuchukua kabichi, likazimika kwenye mwinuko wa Masereka na shehena nzima, ikaoza palepale watu wakipita wameziba pua. Mwalimu hakusema nilikuambia. Alipanda mpaka kule kwa baiskeli akiwa na daftari, akakaa karibu na fundi siku nzima wakibadilisha kitu kimoja, wakijaribu, wakirudisha. Ilikuwa ile waya. Baba hakumtania tena mambo ya lori, alihamia kumtania baiskeli.

Nyumbani kwake hali haikuwa tofauti, na mke wake alikwisha kuchoka kabla sisi hatujaanza. Siku sombe, mboga ya majani ya mhogo, ilipomkolea mkewe chumvi, Mwalimu alitaka kujua kama ni chumvi iliyoongezeka au maji yaliyopungua. Mama wa watu aliweka mwiko mezani. "Ukitaka kujua, pika weye," alisema, akatoka nje kuongea na jirani. Alipika kweli, sufuria mbili, na tuliopita kupeleka madaftari tulilazimishwa kuonja zote na kusema. Zote zilikuwa mbaya. Tulisema ya pili ina nafuu.

Alikuwa na sheria moja ambayo hata mvivu wa darasa aliishika. Tulichokiona tuliandika kwa penseli. Jaribio likirudiwa mara ya pili na kutoa jibu lile lile, hapo ndipo alipofungua kichupa cha wino. Alituambia penseli ni kwa mtu anayeweza kuwa amekosea, na kila mtu anaweza kuwa amekosea. Madaftari yetu yalikuwa ya kijivu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza kama serikali imeacha kuleta wino Butembo.

Lakini nisimpake mafuta. Mtu yule yule aliyetaka mikebe ya maharagwe iwe sawa kwa kila hali, sisi wenyewe hakutuweka sawa. Aliyevaa safi alikaa mbele. Aliyekuja na matope miguuni alikaa nyuma, karibu na mlango ambako upepo uliingia. Alisema hamwamini mtu kwa uso, kisha akamwamini mtu kwa uso. Mimi, mtoto wa mwenye duka, mwenye kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, sikuwahi kukaa nyuma hata siku moja. Hilo nililiona zamani na sikulisema, kwa sababu lilinifaa.

Sasa nifike kwenye finjani.

Aliiona kwetu, siku baba alipomkaribisha kahawa. Finjani ndogo nyeupe, haina mkono, ina mstari wa kijani mdomoni. Ilikuwa moja ya sita ambazo mama alipewa siku ya ndoa yake, zilizotoka mjini Stanleyville zimefungwa katika nguo. Mwalimu alikunywa kahawa, akaigeuzageuza, kisha akatoa kijiko chake mfukoni na kuanza kupima maji ndani yake mbele ya wageni. Kumi na viwili kamili. Akaomba aazimwe. Alisema anatafuta kipimo ambacho hakitabadilika. Mama hakutaka, lakini mwalimu akiomba mbele ya watu utasemaje. Alinikabidhi mimi mkononi, akaniambia nikiivunja nisirudi na uso huu.

Jaribio lilikuwa la mwanga. Mikebe sita ya maziwa ya unga, yote ya ukubwa mmoja. Mitatu dirishani, mitatu ndani ya kabati gizani. Udongo uliochimbwa shimo moja, mbegu za ganda moja au mawili, na kila mkebe finjani moja ya maji kengele ya mchana ikilia. Kushoto ubao ulijaa. Kuume liliandikwa neno moja: mwanga. Jumapili maharagwe yalipumzika pamoja na Wakristo.

Ufunguo wa kabati, ambamo finjani ililala, ulikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyemwagilia na kuandika mstari wa kila siku katika daftari kubwa. Ila Ijumaa sisi watoto wa Kiislamu tuliruhusiwa kuondoka kabla ya kengele, tukaoge na kwenda chuo cha Kurani. Siku hiyo ufunguo ulikwenda kwa Kakule.

Kakule alikuwa mkubwa kuliko sisi, karibu miaka kumi na sita, aliyeanza shule akiwa amechelewa. Alitoka Masereka, akilala kwa mjomba wake Mususa siku za shule na kupanda nyumbani kwa miguu Jumamosi mchana. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa ajili ya miguu yake. Kwa maharagwe lakini hakuna aliyemshinda. Yeye ndiye aliyechagua mbegu, akizigusa moja moja kwa kidole gumba.

"Kwetu, Mwalimu, maharagi tunajuaka bila kikombe," alisema siku ya kwanza.

"Unajua, mais unaweza kuonyesha?" Mwalimu alimuuliza, na mais yake ilikuwa lakini ya Kifaransa.

Kakule alifikiri, akatabasamu. "Hapana bado."

Jibu lile lilimpendeza Mwalimu kuliko jibu lolote nililowahi kutoa mimi. Alimfundisha kuandika mstari wa kila Ijumaa katika daftari kubwa, polepole, kwa herufi zilizosimama wima.

Alhamisi moja, wiki ya tatu, niliosha finjani kwenye ngazi ya nyuma ikaniponyoka. Haikupiga hata kelele ya maana. Vipande vilikuwa vitano. Nilivitupa chooni na nikasimama pale nikisikia moyo wangu masikioni. Nilimwogopa mama kuliko nilivyomwogopa Mungu, niseme ukweli. Jioni, baba alipokwenda kusali, niliingia dukani. Kulikuwa na finjani za kuuza, nyeupe, za mstari wa kijani, ambazo mtu asingeweza kuzitofautisha na za mama akiwa amesimama mbali. Nilichukua moja bila kumwambia mtu, na Ijumaa asubuhi niliiweka kabatini. Kabla ya kengele nilimpa Kakule ufunguo, nikaenda chuo.

Ukuta wa ile ya duka ulikuwa mwembamba, kwa hiyo ilibeba maji zaidi. Hilo nililijua baadaye, pamoja na wengine wote.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa amengojea siku ile kama wengine wanavyongojea arusi. Tulisimama tukataja vya kubaki: udongo, mbegu, mkebe, maji finjani moja, vijiko kumi na viwili. Mkaguzi, mtu mnene mpole, aliomba kijiko. Alipima mwenyewe, akihesabu kwa Kifaransa. Alipofika douze, kumi na viwili, hakusimama. Alisimama quinze, kumi na tano. Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka pia, kwa hofu.

"Mwalimu," alisema mkaguzi taratibu, "donc maji ilibadilika, na weye hukujua."

Sijawahi kuona mtu akizeeka hivyo mchana. Mkaguzi alipoondoka, mama yangu aliitwa. Aliigeuza finjani, akatazama chini. "Hii hapana yangu. Yangu iko na alama huku." Hakuwa na nia mbaya. Alisema alichokiona.

Mwalimu alifungua daftari kubwa. Mistari yangu ya kila siku ilisema neno moja: kama jana, kama jana, kama jana, hata baada ya Ijumaa, kwa sababu nilijua finjani imebadilika na nilificha. Mstari wa Ijumaa tu, kwa herufi za Kakule zilizosimama wima, ulisema: udongo umelowa kuliko jana.

Mwalimu alipiga mstari katikati ya ubao.

"Samedi mpaka Jeudi, ufunguo iko kwa huyu mutoto," alisema, akaninyooshea chaki. "Vendredi, siku ya Ijumaa, iko kwa Kakule. Mpaka Jeudi udongo iko muzuri. Vendredi inalowa. Bingine byote binabakia. Kimoja njo kinabadilika."

Kakule alisimama nyuma, karibu na mlango. "Hapana mimi, Mwalimu."

"Finjani ya arusi ya mama wa watu. Uliuza wapi?"

"Hapana mimi."

Kakule alinitazama mimi mara moja. Hakunituhumu, sidhani. Nadhani alitaka tu mtu wa kumsaidia, na mimi ndiye niliyekuwa naishika ile finjani kila siku. Nilitazama meza yangu. Kulikuwa na kovu la wembe mezani pale, na mpaka leo ningeweza kukuchorea.

"Uende," alisema Mwalimu. "Ulete finjani. Hapana rudi hapa bila ile."

Kisha aliandika mstari mmoja katika daftari kubwa, akalifunga. Kakule alichukua mfuko wake ulioshonwa kwa gunia la viazi na kutoka. Hakuweza kurudi. Angeleta nini, na vipande viko chooni?

Nimefikiri miaka mingi juu ya mstari ule wa Ijumaa. Mwizi aliyebadilisha finjani hawezi kuandika kwamba udongo umelowa. Mtu mwaminifu tu ndiye huandika hivyo. Mwalimu aliyetufundisha kutazama alikuwa na jibu mbele ya macho yake, kwa herufi kubwa, na hakulisoma kwa sababu mkaguzi alikuwa amemwaibisha kwa upole. Lakini yeye alikosa kitu kimoja tu. Mimi nilikuwa nacho kitu chenyewe mdomoni, nikakimeza.

Waasi walipofika, shule ilikuwa imekwisha kufungwa. Walitafuta watu wa kalamu: makarani, walimu, kila aliyelishwa na serikali, na zaidi wale waliotoka majimbo mengine. Mwalimu alificha miwani na kalamu chini ya udongo wa bustani yake, lakini kijiko alikisahau mfukoni. Walimkamata na jembe mkononi, wakampeleka sokoni akasimamishwa mstarini na wengine. Haya aliyasimulia mara moja tu, kwa baba yangu, nami nilikuwa namimina kahawa.

Walimuuliza kijiko ni cha nini, akasema cha kula. Halafu kijana mmoja alitoka kati yao, ana kamba ya majani kichwani na mkuki mkononi. Alikuwa Kakule.

"Aliniangalia vile tulikuwa tunaangalia mikebe," Mwalimu alimwambia baba. "Polepole. Mi nilisema, leo njo leo."

"Na alisema nini?"

"Alikamata mikono yangu, akabaonyesha udongo kwenye makucha. Akasema, huyu hapana mwalimu. Huyu ni mulimi wa maharagi. Muache arudi shambani."

Baba alimwekea mkono begani. Mimi nilimwaga kahawa mezani na mama akanigombeza. Ilikuwa nafasi yangu ya pili ya kusema na ilipita palepale, mezani, nikifuta kahawa kwa kitambaa.

Jeshi liliporudi, vijana wengi waliovaa majani hawakuonekana tena, na Kakule alikuwa mmoja wao. Wengine walisema alipigwa risasi njia ya Beni, wengine kwamba alivuka Uganda. Mama yake kule Masereka hakupata mwili wala barua. Shule ilifunguliwa na sisi tulirudi kwenye madawati yetu, darasa karibu zima. Mwalimu aliendelea kufundisha, lakini mikebe hakuipanga tena. Tulipomwuliza, alisema kabati limeharibika. Halikuwa limeharibika. Mwaka uliofuata alihamishwa.

Mimi niliolewa Beni, kwenye joto, na mfanyabiashara wa kahawa mwenye malori mawili. Nikafungua duka langu mwenyewe la vyombo. Ni kazi inayonifaa, naongea sana na wateja wananunua ili ninyamaze. Ilipita zaidi ya miaka kumi. Asubuhi moja aliingia mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya finjani bila kusalimu. Akachukua moja nyeupe ya mstari wa kijani. Akatoa kijiko mfukoni.

"Mama, niazime mayi kidogo," alisema.

Nilimletea maji kwenye jagi. Alihesabu chini ya pumzi. Kumi na nne. Akaimwaga, akaifuta kwa shati lake, akairudisha, akachukua nyingine.

"Mwalimu," nilisema.

Aliinua macho, ikamchukua muda kunitambua. Alifurahi, alinishika mikono yote miwili, akauliza habari za baba. Nilimwambia baba ameshafariki. Alikaa kwenye kiti changu na kuinamisha kichwa kidogo. Kisha mkono wake ukarudi kwenye ile finjani.

"Natafuta ya kumi na mbili," alisema, bila mimi kuuliza. "Kila duka minaingia. Butembo nilimaliza, sasa Beni. Kama aliuza, iko mahali. Nikiipata, nitajua nilimufukuza kwa haki."

"Na usipoipata?"

"Kutopata hapana jibu. Unajua hiyo, nilikufundisha." Aliweka kijiko juu ya goti. "Batoto makumi ine darasani. Njaa ile ile, vita ile ile, mwalimu ule ule. Karibu bote balirudi shuleni. Yeye, hapana. Na ni yeye aliniokoa. Miaka yote minamuweka upande wa kuume, minajiuliza nilimubadilishia nini. Ni kimoja tu. Nilimwambia asirudi."

Mteja alisimama mlangoni na nikamwambia duka limefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa mama wa watoto watatu, mwenye duka, na nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni tena.

"Bilikuwa bibili, Mwalimu," nilisema.

"Nini?"

"Bintu bilibadilika bibili. Ufunguo ulikwenda kwa Kakule Ijumaa. Mais finjani ilivunjika Alhamisi. Kwangu. Nilitupa vipande chooni. Ile ingine niliiba dukani kwa baba, nikaiweka Ijumaa asubuhi mbele ya kumupatia ufunguo."

Hakupaza sauti. Aliuliza saa ngapi, nikamwambia. Aliuliza vipande vingapi, nikamwambia vitano. Aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua, nikasema hapana. Aliuliza maswali yote kwa mpangilio wake, kama mtu anayefunga vifungo vya shati, na nilijibu kila moja nimesimama, vile nilivyosimama mlangoni mwa darasa lake nilipochelewa. Swali moja hakuliuliza, la kwa nini. Ningependa angeliuliza.

"Unisamehe, Mwalimu."

"Umeniambia muzuri," alisema. "Mais umeniambia miye. Mama yake Kakule angali hai. Kila mavuno minamupelekea debe ya maharagi, ananipatia kiti, hatusemi kitu. Kamio yenu inapanda Masereka lini?"

"Lori linapanda kesho."

"Basi tutapanda na weye. Utasema weye, miye nitakaa pembeni."

Nilikubali. Nililia pia, na sioni haja ya kuficha. Aliacha nilie. Akafungua mfuko wake wa ngozi na kutoa daftari kubwa, lile lile, gamba limeliwa na mende pembeni. Alilifungua bila kutafuta ukurasa, akanipa penseli.

"Andika. Siku, kitu, jina."

Niliandika chini ya mistari yangu ya kama jana: Alhamisi, finjani ilivunjika. Nikaandika jina langu, la nyumbani na la baba yangu. Herufi zilitoka mbaya. Alisoma, akaitikia kwa kichwa kwamba inatosha. Kisha akatoa kifutio kidogo kilichokuwa cheusi kwa kazi, akaanza kufuta mstari uliokuwa chini yake, ule alioandika siku ile mbele yetu sote kabla ya kulifunga daftari. Ulisema: sababu, wizi, na jina la Kakule.

Alifuta kwa kwenda na kurudi, ameshika ukurasa kwa mkono wa kushoto usikunjike. Makombo ya kifutio yaliangukia kwenye suruali yake. Aliacha, akapulizia, akasogeza daftari kwenye mwanga wa mlango, akaendelea. Ndipo nilipoinama na kuona kwamba kwenye daftari lile zima, kurasa na kurasa za kijivu, mstari ule peke yake ulikuwa wa bluu.

"Niliandika na wino," alisema.

Hakuacha kufuta. Karatasi ilikuwa nyembamba mpaka niliona kivuli cha kidole chake upande wa pili, na jina lilikuwa bado linasomeka.